Homoni za gamba la tezi adrenali: kwa nini prednisoloni haiachwi ghafla

Tabibu Mstaafu (mwanzisha uzi)

Mwezi uliopita jirani yangu, mama wa makamo anayesumbuliwa na baridi yabisi ya viungo, aliletwa nyumbani kwangu akiwa hoi. Alikuwa anatapika, ana kizunguzungu, na presha yake ilikuwa chini kiasi kwamba kila akisimama anadondoka. Wanawe walikuwa wamekwisha kumnywesha dawa ya malaria. Nilipouliza alikuwa akitumia dawa gani, alinionesha pakiti tupu za prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe, alizomeza kwa miezi minane, akaziacha siku sita kabla kwa sababu alisikia zinaharibu mifupa. Tulimkimbiza hospitali, akachomwa haidrokotisoni, dawa ya jamii hiyohiyo, na kutundikiwa dripu ya maji ya chumvi, na ilipofika jioni alikuwa ameketi anakunywa uji. Alichosikia hakikuwa uongo, kwani dawa hiyo kweli hudhoofisha mifupa. Ila aliambiwa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo yenye uzito wa gramu 4 hadi 5 hivi, ya kulia ikiwa na umbo la piramidi na ya kushoto ikijikunja kama hilali. Ukiipasua utaona kiini chenye wekundu uliokolea, na kukizunguka utaona gamba la manjano ambalo ndilo sehemu kubwa ya tezi yote. Umanjano huo ni wa mafuta, hasa kolesteroli, kwa maana kila homoni ya gamba hili huanza safari yake ikiwa kolesteroli. Tumezoea kuisikia kolesteroli ikitajwa kama adui wa moyo, lakini pasipo hiyo gamba halina malighafi.

Gamba lina matabaka matatu, na kila tabaka lina vimeng'enya vyake, ndiyo maana malighafi ileile hutoka kwa sura tatu. Tabaka la nje hutengeneza aldosteroni, ambayo shughuli yake ni chumvi na maji. La kati, ambalo ni nene kuliko mengine, hutengeneza kotisoli. La ndani hutengeneza homoni hafifu za kiume, mojawapo ikiwa DHEA, ambazo mwili huzigeuza kwingineko kuwa na nguvu zaidi. Kwa mwanamke hizi huchangia sana kuota kwa nywele za kwapani na za sehemu za siri, na kiwango chake huanza kupanda kabla ya balehe, hufikia kilele ujanani, kisha hupungua kadiri umri unavyosonga. Nitaziacha hapo, kwa kuwa iliyomwangusha jirani yangu ni kotisoli.

Mtu mzima mwenye afya hutoa kotisoli miligramu 10 hadi 20 kwa siku, na haitoki kwa mgawo ulio sawa. Hupanda kuelekea alfajiri, hufikia kilele karibu na wakati wa kuamka, kisha huteremka hadi kiwango cha chini kabisa usiku wa manane, na ndiyo sababu daktari hutaka damu ya kipimo hiki ichukuliwe saa 2 au saa 3 asubuhi. Kotisoli hulisukuma ini litengeneze sukari kutokana na protini za misuli ili mtu asiishiwe sukari anapokaa na njaa, na huruhusu mafuta ya mwili yatumike kama kuni. Huuzuia uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili usivuke mpaka. Tena huifanya mishipa ya damu iitikie adrenalini, kwani kotisoli ikikosekana adrenalini hubisha hodi isiyoitikiwa, na presha huporomoka. Mtu akipata homa kali, ajali au upasuaji, gamba huongeza uzalishaji mara kadhaa ili mwili uhimili.

Gamba halijiamulii katika hili. Haipothalamasi iliyo ubongoni huituma tezi pituitari, pituitari hutoa homoni iitwayo ACTH, na ACTH husafiri katika damu hadi kwenye gamba na kuliamuru lizalishe. Kotisoli ikishatosha, huwanyamazisha walioiagiza kule juu. Sasa mtu anapomeza prednisoloni, ambayo huiga kotisoli, kila siku, ubongo hautofautishi ya dukani na ya mwilini. Huona damu imejaa, nao huacha kuagiza. ACTH ikikosekana kwa wiki nyingi, gamba hunywea kama msuli wa mguu uliokaa ndani ya plasta. Siku vidonge vinapoachwa ghafla, ya dukani haipo na ya nyumbani haipo, na gamba linaweza kuchukua miezi kadhaa, hata mwaka, kurudi katika kazi yake. Kwa sababu hiyo dozi hupunguzwa kidogo kidogo, tena na daktari, wala si kwa kukisia. Mfahamu pia kwamba prednisoloni miligramu 5 hulingana na haidrokotisoni miligramu 20, ilhali deksamethasoni, steroidi nyingine, hufanya kazi hiyohiyo kwa miligramu 0.75 tu, kwa hiyo udogo wa kidonge usimdanganye mtu.

Mwalimu wa Zamu

Tabibu, shikamoo. Ninafundisha baiolojia sekondari, na kila mwaka wanafunzi huniuliza adrenalini inatoka katika tabaka lipi kati ya hayo matatu. Ningependa kuwajibu kwa uhakika.

Tabibu Mstaafu

Marahaba, Mwalimu. Haitoki katika lolote kati ya hayo, bali hutoka kwenye kile kiini. Waeleze kwamba hizi ni tezi mbili zilizopangishwa chumba kimoja. Kiini asili yake ni mfumo wa neva, na adrenalini huwekwa tayari katika vifuko vidogo, ikamwagwa kwa muda wa sekunde mtu anapokutana na nyoka. Gamba halina ghala. Homoni zake hutengenezwa zinapohitajika, huingia ndani ya seli na kubadili jeni zipi zisomwe, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake huonekana baada ya saa kadhaa.

Mtu anaweza kuishi bila kiini, lakini bila gamba, na bila dawa ya kufidia, hawezi. Aliyeonesha kwamba mnyama hufa tezi hizi zikiondolewa ni mtafiti Brown-Séquard, mwaka 1856, mzaliwa wa Port Louis kule Mauritius. Vitabu vingi humhesabu kuwa Mfaransa, lakini mimi humwona kuwa mtu wa Bahari ya Hindi, jirani yetu.

Dereva wa Masafa

Naomba kuuliza kuhusu hilo tabaka la nje. Nina umri wa miaka 38, presha yangu haitulii kwa dawa tatu, na vipimo vimeonesha potasiamu iko chini. Daktari ameandika nipimwe aldosteroni na renini. Mimi nimeacha kuongeza chumvi mezani tangu mwaka jana, hivyo sielewi tezi inahusikaje.

Tabibu Mstaafu

Ndugu Dereva, daktari wako amefikiri vizuri, na nitakueleza alichokiona.

Aldosteroni hutoka kwa kiasi kidogo mno, mikrogramu 100 hadi 150 hivi kwa siku, na udogo huo ndio uliowachelewesha wataalamu hadi mwaka 1953, pale Sylvia Simpson na James Tait walipofanikiwa kuitenga wakiwa London. Inafanya kazi katika sehemu za mwisho za vijifereji vya figo. Pale mkojo unapokaribia kukamilika, aldosteroni hufungua njia ili sodiamu irudishwe kwenye damu, na maji huifuata sodiamu, ilhali potasiamu husukumwa nje pamoja na asidi. Mtu anayetoka jasho siku nzima shambani, au anayeharisha, huokolewa na homoni hii isimwache akauke.

Amri yake haitoki kwenye pituitari kama ile ya kotisoli, au tuseme pituitari ina sauti ndogo tu hapa. Figo lenyewe likihisi kwamba damu inayolifikia imepungua nguvu, hutoa renini. Renini hukata protini inayotoka kwenye ini, kipande kinachopatikana hukatwa tena, hasa kinapopita kwenye mapafu, na kinachobaki, yaani anjiotensini ya pili, hubana mishipa na kulichochea tabaka la nje litoe aldosteroni. Potasiamu ikizidi kwenye damu nayo hulichochea tabaka hilo moja kwa moja. Presha ikirudi kuwa sawa, renini hupungua, na aldosteroni nayo hushuka.

Hebu fikiria tezi inayotoa aldosteroni bila kusubiri kuagizwa, ama kwa sababu ina kiuvimbe kidogo, ama kwa sababu tezi zote mbili zimetanuka. Sodiamu inarudishwa usiku na mchana, presha inapanda, potasiamu inakwisha, na figo, likiona presha iko juu, linazima renini kabisa. Aldosteroni ikiwa juu huku renini iko chini, basi mwenye kosa ni tezi. Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan aliueleza ugonjwa huu mwaka 1955, na hadi leo hupewa jina lake. Wengine hawapungukiwi potasiamu hata kidogo, na nadhani ndiyo maana hupita miaka mingi wakiongezewa dawa bila mtu kuuwazia. Kiuvimbe kikiwa upande mmoja huweza kuondolewa kwa upasuaji. Zikiwa pande zote mbili, hutumika dawa kama spironolaktoni ambayo huizuia aldosteroni isifanye kazi yake kwenye figo. Baadhi ya dawa za presha huvuruga kipimo hiki, lakini usiache hata moja mpaka daktari wako akupangie.

Ninyi wengine mtagundua hapa kwa nini jirani yangu alifufuka haraka vile. Prednisoloni ilikuwa imemlaza pituitari, lakini renini yake ilikuwa hai, hivyo aldosteroni hakuikosa. Angekosa zote mbili, nadhani nisingemkuta akipumua.

Msomaji Mkali

Kwa maelezo haya, Tabibu, steroidi ni janga. Kwa nini zisipigwe marufuku kabisa, badala ya kuwatisha watu kwa habari za kuziacha?

Tabibu Mstaafu

Nakuelewa, lakini sikubaliani nawe. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo nchini Marekani, Philip Hench alimchoma kotisoni, ndugu wa kotisoli, mwanamke mwenye umri wa miaka 29 ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlaza, na baada ya siku chache akawa anatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni hizi. Mwaka 1972 Liggins na Howie, kule New Zealand, walionesha kwamba mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akichomwa steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa upesi, na tangu hapo watoto wengi wamepumua ambao wasingepumua. Mwezi Juni 2020, jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY lilionesha kuwa deksamethasoni miligramu 6 kwa siku ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliohitaji oksijeni. Ambao hawakuhitaji oksijeni hawakufaidika. Soma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, maana wakati ule watu walikuwa wakinunua deksamethasoni kwa mafua.

Binti wa Pwani

Mimi sijawahi kumeza prednisoloni. Ila rafiki zangu wawili wanatumia vidonge vya kunenepa, na mmoja anapaka mkorogo mwili mzima tangu tulipoanza chuo. Uso wake umekuwa duara na tumbo lina michirizi ya zambarau, lakini miguu imekonda. Je, hilo linaingia katika uzi huu?

Mfamasia wa Kata

Naomba nimpokee Tabibu hapa, kwa sababu haya nayaona dirishani kwangu kila wiki.

Linaingia moja kwa moja, dada yangu. Vidonge vingi vinavyouzwa kwa kunong'onezana kwamba vinanenepesha huwa ni deksamethasoni au prednisoloni, mara nyingi pamoja na dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Mtu hanenepi kwa maana anayoitaka. Anajaa maji, mafuta yanahamia usoni, tumboni na nyuma ya shingo, na misuli ya mapaja inaliwa. Mkorogo nao mara nyingi huchanganywa na krimu ya klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Ikipakwa mwili mzima kila siku, tena kwenye joto la pwani na ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba, huingia katika damu kwa kiasi cha kutosha kuinyamazisha pituitari. Hakuna aliyemeza kitu, lakini gamba limelala vilevile.

Dalili ulizozitaja, yaani uso wa duara, michirizi ya zambarau na viungo vilivyokonda, ndizo alizoziandika Harvey Cushing mwaka 1932 kwa wagonjwa ambao pituitari zao zilikuwa na kiuvimbe kinachotoa ACTH kupita kiasi. Hufuatwa na presha, kisukari na mifupa kuvunjika kirahisi. Siku hizi wengi wenye sura hiyo wameipata kutokana na dawa. Mshauri rafiki yako aende hospitali na kopo lake mkononi. Tafadhali usimwambie aache leo usiku, kwani umekwisha kusoma yaliyompata jirani yake Tabibu.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Nipo kitengo cha kifua kikuu. Tumekuwa na mgonjwa aliyekuwa akiendelea kwa tabu, na wiki ya pili ya dawa akazidiwa kwa kutapika na presha kushuka. Sodiamu ilikuwa chini, potasiamu juu. Daktari bingwa alipomwangalia viganja alisema ni gamba la adrenali. Viganja vinasema nini?

Tabibu Mstaafu

Asante kwa mfano huu, maana kwetu ugonjwa huu wa gamba kuharibika bado huonekana kama ulivyoonekana mara ya kwanza. Thomas Addison, wa hospitali ya Guy's jijini London, alichapisha mwaka 1855 habari za wagonjwa 11 waliodhoofika, wakapungukiwa nguvu za moyo, na baadhi yao ngozi ikabadilika rangi. Maiti zao zilipopasuliwa, tezi hizi zilikutwa zimeharibika, na kwa wengi wao ulikuwa kifua kikuu. Katika nchi tajiri leo, anayeharibu gamba mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe. Kwetu kifua kikuu hakijaondoka, na kwa wenye VVU yako pia maambukizi mengine yanayoshambulia tezi hizi.

Dalili hazijitokezi mpaka takriban asilimia 90 ya gamba iwe imekwisha, kwa hiyo mtu hutembea akiwa ukingoni bila kujua. Kisha rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huliharakisha ini livunje kotisoli, na akiba ndogo iliyobaki haitoshi tena. Naamini hilo ndilo lililompata mgonjwa wenu katika wiki ya pili, na wengi wangesema amedhurika na dawa na kuishia hapo.

Kuhusu viganja: kotisoli ikipungua, pituitari hupaza sauti kwa kumwaga ACTH nyingi, na ACTH ikizidi huziamsha seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Vitabu vilivyoandikwa kwa wagonjwa weupe husema ngozi hugeuka kuwa ya shaba, jambo lisilomsaidia muuguzi wa Kondoa au wa Kisumu. Angalia mistari ya viganja, ulimi, sehemu ya ndani ya mashavu, viungo vya vidole na makovu mapya. Ufizi peke yake usiutegemee, kwani wengi wetu tumezaliwa na ufizi mweusi. Muulize mgonjwa au ndugu zake kama rangi imebadilika, na ikiwezekana waoneshe picha ya zamani. Uliza pia kama anatamani chumvi, maana wapo wanaoilamba mkononi. Jirani yangu hakubadilika rangi hata kidogo, na mjue sababu: kwake ACTH ilikuwa imelala, ilhali kwa mgonjwa wenu inapiga kelele.

Mama Pacha

Je, mtoto anaweza kuzaliwa na tatizo la gamba hili?

Tabibu Mstaafu

Ndiyo, mama. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja katika njia ya kutengeneza kotisoli na aldosteroni. Makadirio ya kawaida ni mtoto mmoja katika kila 15,000. Pituitari huendelea kuhimiza, tezi hutanuka, na malighafi isiyoweza kupita njia yake humwagikia upande wa homoni za kiume. Mtoto wa kike huweza kuzaliwa na maumbile yanayowachanganya wakunga. Wa kiume haoneshi chochote, na huyo ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu hurudi nyumbani salama, kisha katika wiki ya pili au ya tatu huanza kutapika, kukauka na kulegea, na huweza kufa ikidhaniwa ni maambukizi ya damu. Mchanga wa umri huo mwenye sodiamu ya chini na potasiamu ya juu, na hasa ikiwa familia imewahi kupoteza mtoto vivyo hivyo, lazima gamba liwaziwe. Hutibika kwa haidrokotisoni, fludrokotisoni inayochukua nafasi ya aldosteroni, na chumvi.

Bakari wa Mikindani

Assalamu alaykum. Mimi nina ugonjwa huo wa Addison, natumia haidrokotisoni mara tatu kwa siku na fludrokotisoni asubuhi. Ramadhani inakaribia. Je, naweza kumeza zote wakati wa daku?

Tabibu Mstaafu

Waalaykum salaam, Bakari. La, usifanye hivyo. Haidrokotisoni haikai sana katika damu. Nusu yake huondoka kwa muda wa dakika 90 hivi, kwa hiyo ukiimeza yote saa 10 alfajiri, alasiri itakukuta mtupu, tena katika joto la Mikindani ambako unapoteza maji na chumvi kwa jasho. Baadhi ya madaktari humhamishia mfungaji kwenye prednisoloni kwa sababu hudumu zaidi, lakini si kila mgonjwa anafaa kufunga, na yule aliyewahi kuzidiwa mwaka huu kwa kawaida hushauriwa asifunge. Nenda ukamwone daktari wako wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kisha uzungumze na imamu wako ukiwa na jibu la daktari mkononi.

Kama utaruhusiwa, basi siku utakayopata homa, au ukatapika, au ukasimama na kuhisi dunia inazunguka, fungua palepale na umeze dozi mara mbili ya kawaida. Ukitapika vidonge, usingoje futari: ni sindano ya haidrokotisoni, miligramu 100, na safari ya hospitali. Mfundishe mkeo kuichoma sasa hivi, na muiweke mahali ambapo hata mtoto wenu mkubwa anapajua.